Rajai Davis: duru ya 38, timu 8, misimu 14. Uzi wa mchezaji wa kuhamahama kwenye besiboli ya Marekani

#1 – Mleta uzi

Heshima kwenu wakuu.

Jukwaa hili limejaa nyuzi za nyota, na ni haki yao. Leo nawaletea mtu ambaye hakuwahi kuwa nyota wa timu yoyote, na bado alicheza Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani, MLB, kuanzia 2006 hadi 2019. Anaitwa Rajai Davis. Alikuwa mlinzi wa nje, mmoja wa wale watatu wanaosimama mbali kabisa kwenye nyasi kukimbiza mipira mirefu.

Jezi alizovaa kwa mpangilio: Pittsburgh Pirates, San Francisco Giants, Oakland Athletics, Toronto Blue Jays, Detroit Tigers, Cleveland Indians (siku hizi wanaitwa Guardians), akarudi Oakland, akatua Boston Red Sox, akarudi Cleveland, akamalizia New York Mets. Timu 8.

Hoja yangu naiweka mapema ili mwenye kubisha ajipange. Davis hakudumu kwa kubahatisha. Alikuwa na vitu viwili ambavyo timu inaweza kukaa wiki nzima bila kuvihitaji, lakini siku ikivihitaji hakuna kingine kinachofaa. Kimoja ni mbio. Cha pili ni kuwapiga warushaji wa mkono wa kushoto. Hicho cha pili ndicho watu wanakisahau, na ndicho kilichompeleka kwenye usiku ambao Cleveland nzima bado inausimulia.

Kwa wasiofuatilia mchezo huu, ya msingi ni haya. Mechi ina vipindi 9 vinavyoitwa iningi, na kila timu hupiga mara moja katika kila iningi mpaka wachezaji wake watatu watolewe. Mpigaji akiugonga mpira anakimbilia besi ya kwanza, kisha ya pili, ya tatu, halafu anarudi nyumbani na hiyo ni pointi. Akiupiga ukavuka uzio ni homurani: anazunguka besi zote bila bughudha, na wenzake waliokuwa njiani wanaingia pamoja naye. Yatosha kwa kufuata uzi.

Davis alizaliwa 1980 Norwich, jimbo la Connecticut, akasoma sekondari New London, jirani tu na hapo. Hakwenda chuo chenye jina kwenye besiboli. Alikwenda tawi la Avery Point la Chuo Kikuu cha Connecticut, tawi dogo lililo pembeni ya bahari pale Groton. Maskauti wakubwa hawafungi safari kwenda sehemu kama hiyo.

Mwaka 2001 Pittsburgh wakamchagua kwenye drafti, zoezi la kila mwaka ambapo timu hupokezana zamu kuchagua vijana, duru baada ya duru. Yeye alikuwa duru ya 38. Duru ya 38, wakuu. Zaidi ya vijana 1,100 walikuwa wameshatajwa majina kabla yake. Mchezaji wa huko chini anachukuliwa kwa sababu ligi ndogo zina timu nyingi na lazima kuwe na watu wa kujaza nafasi ili vijana waliolipiwa mamilioni wapate wa kucheza nao. Watu wa namna hiyo wengi hutemwa ndani ya miaka miwili au mitatu.

Yeye alipanda ngazi moja moja, safari za basi usiku, mshahara wa kubana matumizi, na kila alipopelekwa aliiba besi. Pittsburgh wakampandisha Ligi Kuu Agosti 2006. Miaka mitano tangu achaguliwe.

Naendelea chini. Maswali ruksa.

#2 – Benchi la Ufundi

Mkuu uzi mzuri, lakini nina swali la mtu wa soka. Mchezaji aliyehama timu 8, kwa lugha ya kwetu si ndiyo kusema hakuna aliyemtaka? Mchezaji wa maana klabu haimwachii.

#3 – Mleta uzi

Swali zuri, maana kwenye besiboli utaratibu ni tofauti kabisa.

Mchezaji anapoingia Ligi Kuu hajiamulii. Timu inaweza kumbadilishana na mwenzake bila kumuuliza, akaamka asubuhi yuko Pittsburgh na jioni anapanda ndege kwenda San Francisco. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 31 Julai 2007, siku ya mwisho ya mabadilishano: Pirates walimtaka mrushaji mzoefu Matt Morris, Giants wakamtaka Davis. Uhuru wa kuchagua timu unakuja baada ya miaka 6 ya huduma Ligi Kuu. Kabla ya hapo wewe ni mali ya klabu.

Kuna na mlango mwingine. Timu ina nafasi 40 kwenye orodha yake ya usajili. Ikitaka kumwondoa mtu humo, mara nyingi lazima kwanza imweke hadharani, na timu nyingine yoyote inaweza kunyoosha mkono na kumchukua bure. Aprili 2008 Giants walimweka hadharani, Oakland wakanyoosha mkono. Sasa mkuu niambie: mchezaji asiyetakiwa anachukuliwa siku chache tu baada ya kuwekwa mlangoni? Kila alipotoka kulikuwa na mtu anamsubiri. Mimi hilo nalihesabu kuwa ni kutakiwa.

Na Oakland ndipo alipochanua. Msimu wa 2009 alipata nafasi ya kucheza mara kwa mara, akamaliza na wastani wa kupiga wa .305 (kama mara 3 kati ya 10 alipiga na kufika besi) na besi 41 za kuiba. 2010 akaiba 50. Baada ya hapo wakambadilisha kwenda Toronto kwa warushaji wawili vijana. Haikuwa kwa kushuka kiwango. Oakland ilikuwa timu ya bajeti ndogo, na mchezaji akishaanza kupanda bei walimuuza. Ndivyo walivyoishi miaka yote.

#4 – Dada wa Toronto

Nimeweka kambi hapa. Mimi naishi Toronto na Davis alikuwa wetu misimu mitatu, 2011 mpaka 2013. Mleta uzi umemtaja kwa mbio tu, ngoja niongeze.

Agosti 2012 tulicheza na Yankees pale Rogers Centre. Casey McGehee akaupiga mpira mrefu kwenda kushoto, kila mtu uwanjani anajua ule umekwenda. Davis akakimbia, akaweka mguu ukutani, akapanda, mkono mzima ukavuka juu ya uzio, akarudi chini na mpira ndani ya glavu. Watu walisimama, na wale wa Yankees walisimama vilevile. Anayeutafuta atauona, bado upo mtandaoni na kila mwaka unarudishwa kwenye orodha za mipira bora iliyodakwa.

Na 2013 aliiba besi 45 katika mechi 108 tu. Msimu una mechi 162! Angechezeshwa mechi zote sijui tungezungumza namba gani. Lakini ndiyo hivyo, alikuwa anapangwa leo, kesho anasugua benchi, keshokutwa anaingizwa iningi ya 8 kumkimbilia mtu mzito. Na kila akiingizwa mrushaji wa timu pinzani anaanza kugeuza shingo.

#5 – Kijana wa Mbagala

Hapo kwenye kuiba besi ndipo huwa napotea. Anaibaje? Mpira si uko kwa mrushaji?

#6 – Mleta uzi

Asante dada kwa kuleta ule mpira wa McGehee.

Kijana, sikiliza, maana hapa ndipo ufundi wa huyu bwana ulipo. Uko besi ya kwanza, mwenzako ndiye anayepiga. Sheria haikulazimishi kusubiri apige. Mrushaji akianza tu kurusha kuelekea kwa mpigaji, wewe unaweza kuchomoka kwenda besi ya pili, mita 27 na kitu. Mdakaji aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji ataupokea mpira na kuufyatua kwenda besi ya pili ili ukaguswe nao kabla hujafika. Ukifika kwanza, besi ni yako.

Sasa piga hesabu. Mrushaji wa kawaida anatumia kama sekunde 1.3 tangu aanze kunyanyua mguu mpaka mpira ufike kwa mdakaji. Mdakaji mzuri anahitaji kama sekunde 2 kuupokea na kuufikisha besi ya pili. Jumla sekunde 3.3. Mkimbiaji mzuri naye anahitaji karibu hizo hizo. Kwa hiyo kinachoamua si kasi peke yake. Ni kumsoma mrushaji: kisigino kinanyanyuka vipi akitaka kurusha kwa mpigaji, bega linakaaje akitaka kugeuka kukunasa. Ukichelewa kidogo tu umekamatwa. Ukiwahi akageuka, umekamatwa vilevile.

Davis alimaliza na besi 415 za kuiba. Kuna wakimbiaji wengi wenye kasi waliokaa misimu mitatu wakapotea kwa sababu warushaji waliwajulia. Huyu warushaji wa timu zote walikuwa na taarifa zake, na bado mwaka 2016, akiwa na miaka 35, akaongoza American League nzima, moja ya ligi mbili zinazounda MLB, kwa besi 43. Miguu ya mtu wa miaka 35 haiko kama ya miaka 25. Macho ndiyo yaliyokuwa yamenolewa zaidi.

#7 – Benchi la Ufundi

Nimekuelewa kwenye usajili. Sasa tupe hiyo ya mkono wa kushoto, umeianzisha ukaiacha.

#8 – Mleta uzi

Nilikuwa naitunza.

Davis alipiga kwa mkono wa kulia. Mrushaji wa mkono wa kulia akirusha, mpira unatokea upande wa nyuma ya bega la mpigaji huyo, na ukipinda unamkimbia. Mrushaji wa kushoto akirusha, mpira unatokea mbele ya macho yake, anauona tangu unapotoka kwenye vidole, na mara nyingi unapindia kwake. Ni tofauti ndogo inayogeuka kuwa kubwa ukiihesabu kwa msimu mzima. Makocha wanaijua, ndiyo maana wanaweka watu wa kupangwa dhidi ya warushaji wa kushoto tu. Detroit walimpa mkataba wa miaka 2 wa dola milioni 10 kuanzia 2014, na kazi kubwa ilikuwa hiyo.

Tarehe 30 Juni 2014, Detroit wako nyumbani na Oakland, timu yake ya zamani. Iningi ya mwisho Oakland wanaongoza 4 kwa 1. Kwenye kilima cha mrushaji yuko Sean Doolittle, mfungaji wao wa mechi, yaani mrushaji anayeingizwa mwishoni kulinda ushindi, mkono wa kushoto, msimu huo hakamatiki. Besi zote tatu zimejaa. Davis anaingia, anaupiga nje. Pointi 4 kwa mpigo, 5 kwa 4, mechi imekwisha hapo hapo.

Shikilieni jina la Doolittle, litarudi.

Tuje 2016. Cleveland walimsajili kwa mwaka mmoja, dola milioni 5.25. Alichukuliwa kama mtu wa kuziba pengo. Michael Brantley, mlinzi wao bora wa nje, bega lilimsumbua akacheza mechi 11 tu mwaka mzima. Abraham Almonte alianza msimu akiwa amefungiwa kucheza kwa dawa zilizokatazwa. Baadaye Marlon Byrd naye akafungiwa. Mtu wa akiba akajikuta anacheza karibu kila siku. Akapiga homurani 12, nyingi kuliko msimu wowote wa maisha yake. Tarehe 2 Julai pale Toronto akapiga homurani, kisha mpira wa besi tatu, kisha wa besi mbili, kisha wa besi moja, vyote katika mechi moja na kwa mpangilio huo wa kushuka. Wapo waliocheza miaka 20 na kustaafu bila kupata seti hiyo, achilia mbali kwa mpangilio.

Cleveland wakaingia World Series, fainali ya MLB, kupambana na Chicago Cubs. Cleveland mara ya mwisho kutwaa ubingwa ilikuwa 1948. Cubs ilikuwa 1908. Mfululizo wa mechi saba ukafika 3 kwa 3, na ya saba ikapigwa Cleveland usiku wa tarehe 2 Novemba 2016.

Iningi ya 8. Cubs wanaongoza 6 kwa 3. Wawili wa Cleveland wameshatolewa, amebaki mmoja. José Ramírez akapata besi ya kwanza. Kocha wa Cubs, Joe Maddon, akamtoa Jon Lester na kumwita Aroldis Chapman, Mcuba mrefu wa mkono wa kushoto, mtu ambaye ameshawahi kurusha mpira kwa zaidi ya kilomita 169 kwa saa. Brandon Guyer akaugonga mpira mrefu, Ramírez akaingia. 6 kwa 4. Guyer yuko besi ya pili, na anayefuata ni Davis.

Muwekeni Davis wa usiku ule vizuri machoni. Ana miaka 36, ametimiza wiki mbili nyuma. Mechi hizo za mtoano zote hajapiga kitu cha maana. Fimbo ameishika juu, vidole vimepanda mbali na kitako, jinsi mtu anavyoshika anapotaka tu kuugusa mpira usimpite. Ukishika hivyo unapunguza nguvu ili uongeze wepesi. Hakuna anayeshika hivyo akitafuta homurani.

Chapman akarusha, Davis akaupotosha pembeni. Akarusha tena, akaupotosha tena. Mpira wa saba ulikuja chini, ndani, kama kilomita 156 kwa saa. Davis akauchota. Ukaondoka kama risasi ya chini chini kuelekea kushoto, karibu kabisa na mlingoti wa mpaka. Ukuta wa kushoto pale Cleveland una karibu mita 6 kwenda juu. Ukapita juu yake, ukagonga kamera.

6 kwa 6.

Mimi nimeirudia video hiyo zaidi ya video yoyote ya mchezo wowote. LeBron James alikuwa chumba cha juu na wenzake wa Cavaliers, timu ya kikapu ya Cleveland, tazameni uso wake. Tazameni na Davis mwenyewe anavyozunguka besi. Mtu wa duru ya 38 kamsawazishia mrushaji mwenye kasi kuliko wote duniani, mechi ya saba, iningi ya 8.

#9 – Nahodha Mstaafu

Mleta uzi nakuheshimu, ila naona sehemu moja unaipamba. Chapman alikuwa amechoka. Mechi ya tano alirusha auti 8, yaani mpaka wapigaji 8 wakatolewa, mechi ya sita Maddon akamwingiza tena wakati Cubs wanaongoza 7 kwa 2. Mechi ilishakwisha ile! Usiku wa tatu mkono umebaki nini? Mimi kosa nampa kocha, kuliko kumpa Davis ufalme. Halafu tuseme na lingine: Cubs walishinda 8 kwa 7.

#10 – Mleta uzi

Nahodha, kwenye Chapman ukweli unao. Mechi ya tano alirusha mipira 42, kwa mtu aliyezoea auti tatu ni mzigo. Kasi ilikuwa imeshuka, macho ya kila mtu yaliona.

Lakini mkono uliochoka wa Chapman bado ni kilomita 156 kwa saa kutoka umbali wa mita 18. Na wapigaji wa Cleveland waliokutana naye usiku ule hawakuwa mmoja. Aliyeutoa nje alikuwa mmoja. Aliyeutoa alikuwa mpigaji wa kulia aliyetumia maisha yake yote kulipwa kwa ajili ya warushaji wa kushoto, akashika fimbo kwa namna iliyomfaa siku hiyo, akapotosha mipira mpaka akapata anaoutaka. Uchovu wa Chapman ulifungua mlango. Kuna watu mlango ukifunguliwa bado hawaingii.

Na kuhusu kushindwa, sikuficha, nilikuwa bado njiani. Baada ya iningi ya 9 mvua ikanyesha, mchezo ukasimama dakika 17. Wachezaji wa Cubs wakakutana chumbani, wakarudi wamebadilika. Ben Zobrist akapiga mpira wa besi mbili, Miguel Montero akaongeza, 8 kwa 6. Cleveland wakaingia kupiga mara ya mwisho. Wawili wakatolewa. Guyer akapewa besi, akasogea ya pili. Anayekuja kupiga nani? Davis tena. Akaugonga katikati, Guyer akaingia, 8 kwa 7. Watu wanaikumbuka homurani na kuisahau hii. Mkuu wangu, msimu umebakiwa na auti moja, na yule yule mzee anaingiza pointi nyingine. Michael Martínez aliyemfuata akagonga mpira wa chini kwa Kris Bryant, Bryant akarusha besi ya kwanza kwa Anthony Rizzo, miaka 108 ya Cubs ikaisha.

Davis alibaki amesimama kwenye besi.

#11 – Dada wa Toronto

Nahodha, mimi ni shabiki wa Blue Jays, Cleveland walitutoa sisi mwaka huo huo kabla ya kufika huko. Sina sababu ya kuwapenda. Lakini nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Nilimjua yule kaka tangu anaingizwa kukimbilia wenzake. Acha apewe ufalme wake.

#12 – Kijana wa Mbagala

Na Doolittle? Ulisema atarudi.

#13 – Mleta uzi

Kijana una kumbukumbu, safi.

2017 alirudi Oakland, Agosti wakampeleka Boston. 2018 akarudi Cleveland. Ilipofika 2019 hakuna timu iliyompa mkataba wa Ligi Kuu. Mets wakampa wa ligi ndogo, akaenda kucheza Syracuse, ngazi moja chini ya juu. Ana miaka 38, alishakula zaidi ya miaka 10 ya huduma Ligi Kuu, maana yake pensheni kamili ya wachezaji ameshaiweka kibindoni. Njaa haikuwa sababu ya kurudi kwenye mabasi na vijana wa miaka 23. Alitaka kucheza.

Tarehe 22 Mei 2019 Syracuse wako Allentown, Pennsylvania. Mets wako New York, na walinzi wao wa nje wanaumia mmoja baada ya mwingine. Simu ikapigwa: njoo, leo hii. Akaita Uber. Karibu kilomita 160, nauli dola 243. Akafika Citi Field mechi iko iningi ya 3. Akavaa, akakaa benchi.

Iningi ya 8, Juan Lagares anawapa Mets uongozi wa 3 kwa 1. Washington Nationals wanaleta mrushaji wao mkubwa kuzima moto, mkono wa kushoto. Sean Doolittle. Miaka mitano imepita tangu Detroit, jezi zote mbili zimebadilika. Kocha wa Mets anatazama benchi, anamwona mpigaji wa kulia aliyeshuka kwenye Uber muda si mrefu.

Homurani, pointi 3. Mets 6, Nationals 1.

Sasa zipangeni hizo tatu: Doolittle 2014, Chapman 2016, Doolittle 2019. Zote tatu warushaji wa kushoto, zote tatu wafungaji wa mechi, zote tatu iningi ya 8 au ya 9. Jumla ya homurani za maisha yake ni 62 tu katika mechi 1,448. Kuna watu wanapiga 62 kwa mwaka mmoja: Aaron Judge, 2022. Ndiyo maana namwita fundi. Hakuwa na nyingi, alikuwa nazo pale zilipohitajika, dhidi ya watu aliowasomea.

#14 – Mwana Kampala

Nimesoma yote. Huku Uganda mchezo huu tunaucheza, vijana wa Lugazi mwaka 2012 walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika Little League World Series, mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, kule Williamsport, Marekani. Vijana wetu ninaowaona wana mbio za ajabu, nguvu ya kupiga bado. Swali langu: kijana wa leo mwenye sifa za Davis, mbio tupu na fimbo ya wastani, bado anaweza kupita njia ile?

#15 – Mleta uzi

Ssebo, karibu sana. Jibu langu lina pande mbili.

Upande mmoja unauma. Drafti ya 2001 ilikuwa na duru 50. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, zilikuwa 5 tu. Tangu 2021 ni 20. Duru ya 38 haipo tena. Mwaka huo huo wa 2021 MLB walikata timu za ligi ndogo zilizo chini ya mwavuli wao kutoka karibu 160 hadi 120. Miji midogo iliyokuwa na timu miaka mingi ikaachwa bila. Wenye ligi wanasema waliobaki wanatunzwa vizuri zaidi, na kweli, mkataba wa pamoja wa 2023 ulipandisha mshahara wa AAA, ngazi ya juu kabisa ya ligi ndogo, kutoka dola 17,500 hadi 35,800 kwa mwaka. Nafurahia hilo kwa dhati, kwa sababu mishahara ya zamani ilikuwa aibu. Lakini kijana wa Avery Point anayechelewa kukomaa, anayehitaji miaka mitano ya mabasi ili ajifunze kumsoma mrushaji, huyo sasa anabisha hodi kwenye mlango uliofungwa. Nalisema wazi: nadhani wamekosea. Waliopoteza hawataonekana kwenye takwimu yoyote, maana hakuna anayehesabu wachezaji ambao hawakusajiliwa.

Upande wa pili ni mzuri kwa vijana wako. Tangu 2023 besi zimepanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18, na mrushaji amewekewa kikomo cha kugeuka kumtishia mkimbiaji: mara mbili bila madhara, ya tatu lazima amkamate, asipomkamata mkimbiaji anapewa besi. Ligi nzima ikatoka besi 2,486 za kuiba mwaka 2022 hadi 3,503 mwaka 2023. Ronald Acuña Jr. peke yake aliiba 73. Mbio zimerudi sokoni. Kijana wa kigeni naye hapitii drafti, anasajiliwa moja kwa moja kuanzia miaka 16, kwa hiyo mlango wa vijana wa Lugazi ni mwingine kabisa na haujafungwa.

Davis mwenyewe baada ya kustaafu aliajiriwa ofisi kuu ya MLB, idara inayoshughulikia mambo ya uwanjani.

#16 – Nahodha Mstaafu

Kwa besi hizo kubwa na kikomo cha kugeuka, Davis wa 2010 aliyeiba 50 angeiba ngapi leo?

#17 – Mleta uzi

Mimi nasema 70 haimpiti, kwa mechi zile zile alizopangwa. Dada wa Toronto aliyemwona kwa macho atuambie.

#18 – Dada wa Toronto

70 ni chache. Wewe hukumwona 2013. Mechi 108!

#19 – Benchi la Ufundi

Uzi umenoga. Mleta uzi, kuna mwingine wa aina hii? Nimesikia kuna Mkanada aliyepita timu 12.

#20 – Mleta uzi

Matt Stairs, Fredericton, New Brunswick. Homurani 23 akitokea benchi, rekodi ya ligi. Huyo anahitaji uzi wake mwenyewe, mkuu. Ijumaa naushusha.